Nairobi haitakuandikia programu

Watatu wameniuliza wiki hii, na Alhamisi bado haijafika. "Dada, nibaki Dar au nivuke Nairobi?" Wa kwanza nilimjibu kwa upole. Wa tatu nikamwambia asubiri anisome hapa, nisije nikamkosea adabu. Nimeajiri waandika programu miaka kumi na kitu, Dar, kisha Nairobi, sasa Dar tena, na sijamwajiri hata mmoja kwa sababu ya stendi aliyoshukia.

Swali hili linazaliwa na imani moja: kwamba Nairobi ni mji wa teknolojia, na ukikaa ndani yake teknolojia itakuingia, kama harufu inavyomwingia anayeshinda soko la Feri. Hayo ni ya samaki.

Jina hilo Nairobi ililipata wapi? Kwa sehemu kubwa ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Basi jua kwamba programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Cambridge, Uingereza, na mitambo iliyobeba miamala ya mama mboga wa Gikomba ilikaa Ujerumani mpaka 2015. Kilichokuwepo Kenya ni wateja, mawakala, na kampuni ya simu iliyoenea nchi nzima. Hiyo ni kazi kubwa, pengine kubwa kuliko programu yenyewe. Lakini kijana aliyekuwa amepanga chumba Nairobi mwaka ule, na laptopu yake mapajani, hakupata mstari hata mmoja wa kuandika kwa ujirani.

Wengine hunitajia intaneti. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi pwani hii Julai 2009, Mombasa na Dar es Salaam pia. Haukubagua. Halafu kuna wanaonitajia kumbi za ubunifu. iHub ilifunguliwa Nairobi 2010, na kumbi za namna hiyo zikaota kila mahali, kwetu pia. Sina ugomvi nazo. Umeme upo na chai ipo. Ila nisikilize kidogo.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja kwenye usaili akafungua begi mezani kwangu. Akatoa vitambulisho vya mikutano, vile vya kuvaa shingoni, vya kamba za rangi rangi. Kumi na moja, nilivihesabu. Nikamwambia, nionyeshe kitu kimoja ulichokijenga ambacho mtu anakitumia. Akazungushia kamba kidoleni, akaizongoa. Mwishowe, kwa sauti ya chini, akasema kuna kidaftari cha madeni alichomtengenezea mjomba wake, mwenye duka la vipuri Kariakoo. Kinatumika? "Kila siku, dada. Kikikwama ananipigia hata usiku."

Kwenye wasifu wake hakukiandika!

Nikamwacha aeleze, akaeleza dakika arobaini: umeme unakatika deni limeandikwa nusu, wateja wawili wana jina moja, mjomba anataka kufuta deni la shemeji bila mkewe kujua. Hapo ndipo usaili ulipoanza. Vile vitambulisho alivisahau mezani. Yeye yuko nasi mpaka leo, na mpakani Namanga hajafika.

Ukiwa mchanga katika kazi hii, niulize hivi: nani atausoma msimbo wangu na kunirudishia na makosa yake yote? Watu wa namna hiyo Nairobi ni wengi zaidi, sikatai. Makampuni ya kimataifa yameweka ofisi za kanda pale. Microsoft ilifungua kituo chake cha kutengeneza programu 2019. Lakini watu hao wamo ofisini, na ofisini huingii kwa kupanga chumba Roysambu.

Haya, haraka haraka, nafasi inaniishia. Anayeelewa jinsi kontrol namba inavyotoka serikalini, ikapita benki na kurudi ikiwa imelipwa, halali njaa Dar. Kigali nenda kusoma: Carnegie Mellon wanatoa shahada ya uzamili pale. Mwajiri wa ng'ambo hajali kama umekaa Tabata au Kilimani. Anajali unaitika saa ngapi na umeme wako ukoje. Mshahara wa Nairobi usiugeuze kwa shilingi yetu ukaanza kushangilia: asilimia 2.75 inakwenda bima ya afya, 1.5 tozo ya nyumba, kuna mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna kodi ya mapato, na hapo nyumba unayolala hujailipia. Na ukienda, nenda umeitwa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini mkataba wa zaidi ya siku 90 bado unadai kibali cha kazi, na kibali huombwa mkataba ukiwa mkononi. Ofisa wa uhamiaji pale Namanga akikuuliza unakwenda kufanya nini, "kujitafuta" si jibu.