Hoja, Hisia na Haiba: Jinsi ya Kusoma Maandishi Yanayotaka Kutushawishi



Nikiwa katika mazoezi ya kichungaji kwenye kigango kimoja cha mkoa wetu wa Singida, mama mmoja wa jumuiya aliniletea simu yake nimsomee ujumbe. Macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, na mjukuu aliyezoea kumsomea alikuwa amerudi shule. Nilipomaliza kusoma aliniuliza swali moja tu: "Frateri, hapo uongo uko neno lipi?" Kumbe alikuwa ameshauza mbuzi wawili na kutuma fedha, na fedha haikurudi. Hakuuliza ni nani aliyemwibia. Alitaka alijue neno lililomdanganya, ili likija tena alitambue.

Siku ile sikuwa na jibu. Kila sentensi, ukiisoma peke yake, ilionekana safi: salamu njema, ushuhuda, mwaliko, baraka. Makala hii ni jibu ambalo nimekuwa nikidaiwa na mama yule tangu siku hiyo.

Kushawishi si dhambi

Tuanze kwa kuondoa wazo moja lisilo sahihi. Si kila anayejaribu kutushawishi ni mdanganyifu. Mzazi humshawishi mtoto anywe dawa, mganga mkuu huwashawishi watu walale ndani ya chandarua, na padre hutushawishi tutubu. Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema pale Milano kabla ya kubatizwa mwaka 387. Alipokuwa askofu hakuitupa elimu hiyo. Katika sehemu ya nne ya kitabu chake De doctrina christiana anaeleza kwamba, ikiwa wenye uongo wanajua kusema kwa mvuto, si haki watetezi wa ukweli waachwe wakisema kwa namna ya kuchosha. Anamtaka mhubiri afundishe, apendeze na aguse moyo, lakini kufundisha kunatangulia.

Karne nyingi kabla yake, Mgiriki Aristotle alikuwa amezitaja njia tatu anazotumia mtu anayeshawishi. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita hoja, hisia na haiba. Hoja ni sababu zinazotolewa na ushahidi wake. Hisia ni namna maneno yanavyogusa hofu, huruma, tamaa au hasira yetu. Haiba ni namna msemaji anavyojionyesha kuwa mtu wa kuaminika. Maandishi mazuri huwa na zote tatu. Hatari huanza pale hisia na haiba zinapofanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na hoja.

Tusome ujumbe mmoja pamoja

Ufuatao ni ujumbe niliotunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa jumbe za aina hii:

"Bwana asifiwe! Nilikuwa mkulima wa alizeti kama wewe, nadaiwa kila kona. Leo nimejenga. Imethibitika kwamba kuna njia ambayo wakubwa hawataki uijue. Panda 50,000 leo, vuna 100,000 baada ya siku saba. Padre mmoja ameshavuna. Nafasi zimebaki 12 tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wenye imani watanielewa."

Kwanza, tazama haiba. Mwandishi anaanza na salamu ya waamini, kisha anajiweka upande wetu kwa maneno mawili: "kama wewe". Hana jina wala kijiji, lakini tayari ni ndugu. Padre naye hana jina wala parokia. Ametajwa ili heshima yake itumike, lakini hakuna wa kumpigia simu na kumuuliza.

Pili, tazama kitenzi "imethibitika". Kiswahili kina uwezo wa kuficha mtendaji ndani ya kitenzi. Nikisema "daktari amethibitisha", unaweza kuniuliza daktari yupi. Nikisema "imethibitika", mtu ametoweka na uthibitisho umebaki ukielea hewani. Ndugu zake ni "inasemekana", "imegundulika" na "inajulikana". Si maneno mabaya, na hata wanazuoni huyatumia. Lakini kila ukikutana nalo uliza: aliyethibitisha ni nani, na alifanyaje?

Tatu, tazama "wakubwa hawataki uijue". Hapa wamezaliwa "sisi" na "wao". Tangu hapo, yeyote atakayekuonya, awe afisa wa benki, mwalimu au mwanao, anaonekana ni mmoja wa wale wanaokuficha siri. Onyo limezimwa kabla halijatolewa.

Nne, tazama methali. Waswahili tunapenda methali kwa sababu zimebeba hekima ya wengi, na mara nyingi ikitamkwa methali mjadala unafungwa. Lakini wahenga hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, ndio waliosema haraka haraka haina baraka. Methali hupendezesha hoja iliyokwisha kujengwa. Haiwezi kukaa mahali pa ushahidi.

Tano, tazama sentensi ya mwisho. "Wenye imani watanielewa" inageuza swali kuwa dhambi. Ukiuliza fedha inatoka wapi, umeonekana huna imani. Nadhani hapa ndipo mama yule alipofungwa. Yeye ni mtu wa sala, na aliona aibu kuuliza.

Shamba la siku saba

Neno lililobeba ujumbe wote ni "panda". Sisi wa Singida tunajua kupanda ni nini. Alizeti hupandwa mvua zikianza, hupaliliwa, na huvunwa baada ya miezi kadhaa, ikiwa mvua haikukatika. Mkulima anaweza kukueleza mavuno yametoka wapi: mbegu, udongo, maji, jasho. Mwandishi wa ujumbe amelichukua neno letu la heshima akaacha nyuma kazi yake yote. Hakuna shamba wala jembe, ila kuna mavuno.

Jambo hili limewahi kutokea kwa ukubwa katika nchi yetu. Wengi wanaikumbuka DECI, mpango uliokusanya fedha za wananchi hadi Serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Wakurugenzi wake walishtakiwa na baadaye mahakama ikawatia hatiani. Wanachama walizoea kusema kwamba "wanapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna". Neno "kuweka fedha" lingewaleta watu kwenye maswali ya benki: leseni iko wapi, faida inatokana na biashara gani? Neno "mbegu" liliwapeleka mahali pengine kabisa, shambani na kwenye Injili, ambako mtu hupanda kwa matumaini.

Sasa tuiweke hoja yenyewe mezani. Kama hakuna biashara yoyote, 100,000 ya mtu wa kwanza itatoka kwa wapya wawili, kila mmoja na 50,000 yake. Hao wawili nao watahitaji wanne, wanne watahitaji wanane, na kuendelea hivyo. Katika mzunguko wa 10 wanahitajika watu wapya 1,024. Katika mzunguko wa 21 wanahitajika 2,097,152. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa mzima wa Singida watu zaidi kidogo ya milioni 2, vichanga na wazee wakiwemo. Kwa mizunguko ya siku saba, mkoa wote umekwisha kabla ya miezi mitano. Waliotangulia huvuna kweli, na ushuhuda wao ni wa kweli. Ndiyo maana ushuhuda peke yake hautoshi: unatueleza kwamba fulani alipata, hautuelezi alichopata kilitoka kwa nani.

Nyoka na swali lake

Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alizungumzia habari za uongo, na akarudi hadi sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo. Tuisome sura hiyo kama tulivyousoma ujumbe wa alizeti. Nyoka haanzi kwa kusema uongo wa wazi. Anaanza kwa kuuliza, tena kama mtu anayemjali mwanamke, na ndani ya swali anaikuza amri ya Mungu, kana kwamba miti yote imekatazwa. Mwanamke anamsahihisha, lakini mazungumzo yameshaanza. Kisha nyoka anakanusha hatari, anadokeza kwamba Mungu anawaficha jambo, na anaahidi faida kubwa. Haiba ya rafiki, siri iliyofichwa na mkubwa, ahadi isiyo na maelezo: vyote vimo. Uongo unaouzika huchanganywa na ukweli kidogo, kwa sababu uongo mtupu hauna mnunuzi.

Ushawishi unaomwacha mtu huru

Upande wa pili pia una mfano wa nyumbani. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya", na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana wafanye nini kijijini kwao: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi.

Jina lenyewe la kampeni lilikuwa na mvuto. Maneno matatu mafupi ambayo hata mtoto aliweza kuyashika. Hisia zilikuwepo, maana hakuna asiyeogopa kuharisha damu. Lakini baada ya mvuto kilifuata kijitabu kilichoeleza ugonjwa unasababishwa na nini, na baada ya kijitabu kikafuata kikao ambamo mtu aliweza kuuliza na kubisha. Mwenye mashaka aliweza kwenda kulitazama dimbwi lenyewe. Hapo ndipo penye tofauti. Ushawishi wa haki hukupa sababu, hukupa muda na hukuruhusu kuuliza. Ushawishi wa hila huvikwepa vyote vitatu.

Na sisi je?

Waseminari wenzangu, tusiwanyooshee kidole wengine tu. Sisi tunaandaliwa kuwa watu wa neno, na kesho tutaandika matangazo yatakayosomwa mbele ya waamini wanaotuamini. Chukua tangazo la michango ya ujenzi. Tukiandika kwamba asiyechanga hampendi Mungu, au kwamba atakayetoa leo atarudishiwa mara mia mwezi huu, tumetumia zana zile zile zilizomwuzisha mama mbuzi wake, hata kama kanisa litajengwa kweli.

Tangazo la haki linaweza kugusa moyo pia: watoto wananyeshewa wakati wa Misa, na wazee wanakaa juani. Kisha litaje gharama ya bati na mbao, kiasi kilichokwisha kupatikana, kilichobaki, na mahali hesabu zinapoweza kuonwa. Bwana mwenyewe, katika Luka 14:28, anamsifu mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu hakupingani na imani. Na Augustino anatukumbusha kwamba maisha ya mhubiri yana uzito kuliko ufasaha wake wowote. Haiba ya kweli haitungwi kwa kalamu.

Maswali matano ya jumuiya

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo mjaribu zoezi hili baada ya sala. Chukueni andiko lolote linalozunguka kijijini, liwe la dawa, mbegu, mkopo au siasa, lisomwe kwa sauti, kisha mjibu pamoja:

1. Nani ameandika, na ninaweza kumpata wapi?
2. Ni kitenzi gani kimemficha mtendaji?
3. Ninaguswa hisia gani: hofu, tamaa, hasira au huruma?
4. Nikiondoa hisia hiyo, sababu iliyobaki ni ipi?
5. Kwa nini naharakishwa, na nani ananikataza kuuliza?

Zoezi halihitaji elimu ya juu. Linahitaji watu watatu wanne na muda kidogo, na mambo hayo mawili ndiyo matapeli wasiyotaka tuwe nayo.

Nilirudi kwa mama yule likizo iliyofuata, nikamwambia kwamba neno alilokuwa akilitafuta halikuwa moja. Lilikuwa "panda" lisilo na shamba, "padre" asiye na jina, na "imani" iliyotumiwa kuziba mdomo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ningeuliza tu shamba liko wapi." Kisha akamwita jirani yake aliyekuwa akipita na kuku wa kuuza, akamwambia aketi, asikilize.