Mgeni Aliye Kwenye Dawa: Ukarimu wa Kibosho na Afya ya Anayekaribishwa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vihamba vya Kibosho, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, methali hiyo huonekana kwa macho. Mgeni akishabisha hodi na kukaribishwa, haruhusiwi kuondoka na tumbo tupu. Huletewa chai, mtori, au kata ya mbege, yaani pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe.

Kwa desturi, mwenyeji huonja mbege kwanza ili kumthibitishia mgeni kuwa haina sumu. Ndipo kata humfikia mgeni, kisha huzunguka mkono kwa mkono. Kwa hiyo anayeikataa kwa mkato huweza kudhaniwa kuwa ana kinyongo au amemshuku mwenyeji wake. Mtumishi wa afya aliyelelewa Tanga au Unguja amezoea adabu nyingine: kuvua viatu mlangoni, kunawishwa mikono, na kula sinia moja na wenzake kwa mkono wa kulia. Akipangiwa kazi Kibosho, na hasa ikiwa dini yake inamkataza pombe, huweza kumuudhi mwenyeji bila kukusudia.

Hata hivyo, anayeumia zaidi ni mgonjwa ambaye huona haya kukataa. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini, akinywa pombe kabla ya kula, sukari yake ya damu huweza kushuka mno. Hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa na kuongea ovyo. Waliomzunguka husema amelewa, humlaza na kumwacha apumzike, kumbe maisha yake yamo hatarini. Mtu wa namna hiyo, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Naye anayetumia dawa za kifua kikuu ajue kwamba pombe pamoja na baadhi ya dawa hizo huweza kudhuru ini.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Ziko nyumba ambazo mgonjwa wa kifua kikuu au mwenye virusi vya UKIMWI hutengewa kikombe chake, akakaa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, wala si kwa kikombe. Na virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kula au kunywa pamoja. Magonjwa ya kuhara ndiyo husafiri kwa mikono michafu. Kwa sababu hiyo kibuyu chirizi na sabuni ni adabu inayowahusu wote, mwenyeji na mgeni, mzima na mgonjwa.

Je, mgonjwa akatae vipi bila kuvunja heshima? Inafaa aseme mapema, kabla kata haijajazwa: "Babu, nashukuru sana kwa kunikaribisha. Niko kwenye dawa. Naomba chai isiyo na sukari." Kata ikiwa imekwisha kumfikia, aipokee kwa mikono miwili, ashukuru, kisha amkabidhi mzee aliye jirani. Kinachomfariji mwenyeji ni kuona mgeni ameketi, amepokea kitu na amezungumza naye.

Mtumishi wa afya naye abadili namna ya kuuliza. Swali "Unakunywa pombe?" huvuta jibu fupi la "Hapana." Swali "Mkialikwa kwa jirani, huwa mnaandaliwa nini, nawe hupokea nini?" hufungua mazungumzo ya kweli, na ushauri hupata mahali pa kushika. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya Desemba, wakati wana wa Kibosho waishio mijini hurejea nyumbani, mbuzi huchinjwa, na mgonjwa hualikwa nyumba tatu kwa siku moja.

Mwenyeji pia ana wajibu wake. Aulize, "Mwanangu, unatumia nini?" kabla ya kumimina, wala asimlazimishe anayekataa. Hapo ndipo mgeni atakapokuja, mwenyeji akapona, na mgeni naye akarudi kwake akiwa salama.