Fahamu: Mwalimu wa mtandaoni azungumze vipi na mzazi?

Kenya ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi walihamia kwenye makundi ya WhatsApp. Madarasa mengi hayakurudi shuleni hadi Januari 2021.

Kwa anayefundisha hivyo, kikwazo kikubwa ni simu yenyewe. Nyumba nyingi zina simu moja tu, na mzazi huondoka nayo alfajiri kwenda kazini. Kipindi cha saa nne asubuhi kinampita mtoto wa nyumba kama hiyo, hata awe na bidii kiasi gani. Sauti iliyorekodiwa, ya dakika mbili tatu, humngoja mpaka jioni, tena haili bando kama video. Mzazi asiye na simu janja atumiwe ujumbe mfupi wa kawaida: “Mama Asha, habari za jioni. Leo tumefanya hesabu za sehemu. Asha amekwama swali la 3. Naomba alirudie, alete kesho.” Jina, kazi, siku, basi.

Alama mbaya zisitangazwe kundini kamwe. Mtoto huaibika mbele ya wenzake, na mzazi hunyamaza. Mpigie mzazi simu.

Mwalimu, kabla muhula haujaanza, muulize kila mzazi: simu huwa nyumbani saa ngapi? Ratiba uipange baada ya majibu hayo.