Wastani wa Makundi Mawili: Juu ya Maneno ya Kupimia Tofauti

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili jinsi wanatakwimu wapimavyo tofauti iliyopo baina ya wastani wa kundi moja na wastani wa kundi jingine, na kuonyesha kwamba maneno tutumiayo katika kutangaza matokeo ya kipimo hicho yaweza kumwongoza msomaji au kumpoteza. Mifano yangu nimeichukua hasa katika pwani ya kusini, kuanzia Mtwara hata maingilio ya mto Ruvuma, kwa kuwa huko jawabu la kipimo hiki huingia moja kwa moja katika mfuko wa mkulima.

Watu wa Mtwara wana sababu ya kujua thamani ya jaribio dogo. Bandari yao yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao sehemu yake moja ilikuwa Nachingwea. Ardhi ilifyekwa kwa maelfu ya ekari bila ya kutangulizwa majaribio madogo ya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Zao lililokuja kuistawisha nchi hiyo ni korosho. Mavuno ya Tanzania yalifika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Miongoni mwa sababu za anguko hilo ni ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hufunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, hata maua yakakauka pasipo kuzaa. Dawa iliyoenea ni kupuliza salfa, na uchunguzi wa mikorosho umefanywa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara.

Basi na tuseme mtu ataka kujua kama salfa yafaa. Anachukua mikorosho 12, anaipulizia 6 na kuiacha 6. Hesabu zifuatazo ni za kubuni, zimewekwa kwa ajili ya kufundishia tu. Mikorosho iliyopuliziwa imezaa kilo 9, 12, 8, 11, 8 na 12. Wastani wake ni 10. Isiyopuliziwa imezaa kilo 6, 9, 5, 9, 7 na 6. Wastani wake ni 7. Tofauti ni kilo 3 kwa kila mti. Je, twaweza kusema kwamba salfa imeshinda?

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mikorosho hailingani kwa asili yake. Hata tusingepulizia mti wowote, makundi mawili yasingekuwa na wastani ule ule. Swali la haki ni hili: tofauti ya kilo 3 yaweza kuletwa na bahati peke yake? Ili kulijibu, mchunguzi huanza kwa kushika dai lililo kinyume cha matumaini yake, yaani kwamba salfa haina athari yoyote. Dai hili nitaliita dai la usawa. Ni nadharia tete iliyowekwa ili ijaribiwe, mfano wa mshtakiwa ahesabiwaye hana hatia mpaka ushahidi umlemee.

Kama dai la usawa ni kweli, basi kila mti ungezaa kilo zile zile, upuliziwe usipuliziwe, na majina ya makundi ni vibandiko tu. Twaweza kuvibandua na kuvipanga upya. Miti 12 yaweza kugawanywa katika makundi mawili ya miti sita sita kwa njia 924. Nimezihesabu zile ziletazo tofauti ya kilo 3 au zaidi, upande wowote, nikaona ni 26 tu. Kwa hiyo bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hii kwa kiasi kisichofika mara 3 katika 100. Ni vigumu kuendelea kulishika dai la usawa.

Njia nyingine, ambayo ndiyo iliyozoeleka, ni ile iliyoasisiwa na William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la kupanga la Student, kwa kuwa kiwanda hakikuruhusu watumishi wake kuchapisha kwa majina yao. Taabu yake ilikuwa hasa ya sampuli ndogo kama hii yetu. Katika njia hii tofauti ya wastani hugawanywa kwa kipimo cha mtawanyiko wa hesabu ndani ya makundi yenyewe. Katika mfano wetu, 3 hugawanywa kwa 1.03, na jawabu ni 2.9. Majedwali yaonyesha kwamba kwa miti 12 jawabu lipitalo 2.23 hutokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Njia zote mbili, basi, zimekubaliana.

Sasa msomaji aangalie mfano wa pili. Miti iliyopuliziwa imezaa kilo 3, 18, 6, 15, 2 na 16. Isiyopuliziwa 1, 14, 4, 12, 2 na 9. Wastani ni 10 na 7 kama kwanza, na tofauti ni kilo 3 zile zile. Lakini mtawanyiko ni mkubwa mno, na ile hesabu ya Gosset yatoa 0.8 tu. Hapa bahati yatosha kabisa kuwa maelezo. Kwa hiyo atangazaye wastani peke yake, asitaje mtawanyiko, amemnyima msomaji nusu ya habari.

Hata hivyo hakuna hesabu iwezayo kuokoa jaribio lililopangwa vibaya. Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kilieneza vipimo hivi, alisisitiza kwamba kura ndiyo iamue mti upi uingie kundi lipi. Tukipulizia mikorosho iliyo karibu na nyumba na kuiacha ile ya mbali, tutakuwa tumepima udongo na palizi pamoja na salfa. Tena vumbi la salfa huchukuliwa na upepo, likaugusa mti wa jirani tuliodhani haukupata dawa. Vivyo hivyo, ukilinganisha wastani wa mavuno ya korosho kabla na baada ya 1974, tofauti itakuwa dhahiri. Lakini katika miaka hiyo watu walihamishiwa vijijini wakayaacha mashamba yao, bei haikumvutia mkulima, na ubwiri unga ukaingia. Kipimo kitakuambia kwamba kuna tofauti. Hakitakuambia ni nani kati ya hao watatu aliyeileta.

Jambo la pili ni idadi ya mashahidi. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mtu aweza kutaka kulinganisha uzito wa samaki wavuliwao ndani na nje ya mipaka yake. Samaki 200 wa jarife moja la siku moja si mashahidi 200, maana wote wameletwa na maji yale yale na upepo ule ule. Ni lazima ahesabu safari za uvuvi, wala asilinganishe safari za kusi na za kaskazi. Sisi wa lugha tusijione tumesalimika. Mchunguzi apimaye urefu wa irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, akamrekodi mzee mmoja wa Msimbati maneno 200 na mzee mmoja wa Unguja maneno 200, ana mashahidi wawili tu.

Nimefika sasa kwenye maneno. Tofauti ipitayo mpaka wa 5 katika 100 hupewa kwa Kiingereza sifa ambayo katika maongezi ya kila siku ina maana ya kuwa na uzito. Mfasiri akiandika kwa Kiswahili "tofauti muhimu", amebeba uzito wa neno la kawaida akaacha maana ya kitaalamu. Jaribio la maelfu ya mikorosho laweza kuonyesha kwamba dawa fulani yaongeza robo kilo kwa mti, na kwamba bahati haiwezi kuileta tofauti hiyo. Lakini robo kilo huenda isilipe hata bei ya salfa. Tofauti imepatikana, umuhimu haupo. Kwa upande wa pili, ripoti isemayo "hakuna tofauti" baada ya kupima miti 12 yenye mtawanyiko mkubwa yasema lisilojulikana. Mshtakiwa ameachiwa kwa upungufu wa ushahidi. Haikuthibitishwa kwamba hakutenda.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "tofauti ipitayo bahati" kwa ile iliyovuka mpaka, na "tofauti haikudhihirika" kwa ile isiyovuka. Na neno "muhimu" tumwachie mkulima, au yeyote atakayelipa gharama, aliamue mwenyewe baada ya kuonyeshwa kiasi cha tofauti kwa kilo au kwa shilingi. Kadhalika tujihadhari na kusema kwamba ile 3 katika 100 ni uwezekano wa dai la usawa kuwa kweli. Hesabu ile ilianza kwa kulikubali dai hilo, ikauliza matokeo kama haya yangetokea mara ngapi. Haiwezi tena kugeuka ikalipima dai lenyewe. Na mpaka wa 5 katika 100 ni desturi aliyoieneza Fisher kwa kuona yafaa. Jawabu la 4 na jawabu la 6 ni majirani.

Bwana shamba asomaye ripoti mbele ya wakulima wa Newala au Tandahimba hatawapa majedwali. Atawapa sentensi moja, nao kwa sentensi hiyo watatoa fedha kabla ya maua kuchanua, au watazizuia. Hapana budi sentensi hiyo iwe ya kweli katika Kiswahili chake, kama hesabu zilivyo za kweli katika daftari.