Mwisho wa masika, bustani za mboga Bujumbura zabadilishiwa matuta

Mvua zinapopungua mwishoni mwa Mei, wakulima wa mboga wa Buterere, Kinama na Gatumba husaliwa na wiki chache tu za kuitumia ardhi iliyo bado na unyevu. Kazi ya wiki hizo ndiyo huamua kama familia itapata mboga ya kula na ya kuuza mwezi Julai, ambapo tambarare ya Imbo huwa karibu haina mvua kabisa.

Kalenda ya kilimo ya Burundi ina misimu mitatu: A huanza Septemba, B Februari na C Juni. Huko vilimani, msimu C hulimwa katika mabonde yenye majimaji. Pembezoni mwa Bujumbura, hutegemea kisima, mfereji na ndoo. Hivyo inafaa kupanda eneo linaloweza kumwagiliwa kila siku, hata likiwa nusu ya lile la masika.

Kazi kubwa zaidi ni ya jembe. Matuta yaliyoinuliwa ili maji ya mvua yatiririke hukauka upesi jua linapokaza. Wakati wa kiangazi yafaa kuyasawazisha na kutengeneza vitanda vilivyodidimia kidogo, vyenye kingo za kuzuia maji, kisha kuvitandaza majani makavu. Mabua ya mpunga, ambayo Imbo inayo kwa wingi, yanafaa sana. Kuyachoma ni hasara.

Miche ya nyanya, bilinganya na kabichi iliyosiwa kitaluni mwezi Aprili huhamishwa sasa, nyakati za jioni. Asiye na miche asikate tamaa: lengalenga huchumwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa.

Maji yenyewe yanahitaji tahadhari. Kipindupindu hujirudia mara kwa mara kandokando ya Ziwa Tanganyika, na maji ya mitaro ya jiji hayafai kumwagiliwa mboga, hasa zile zinazoliwa mbichi. Maji ya kisima yamwagwe shinani, si juu ya majani.

Kwa mashamba ya Gatumba yaliyofunikwa na mafuriko, kama ilivyotokea mwaka 2020 na 2024, haraka haifai. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ukiwa tope hugeuka mabonge magumu kama matofali. Hulimwa pale tu donge lililofinywa mkononi linapovunjika bila kunata.