Hedi inayozunguka

Katika kunasa mambo kwa sumaku, sauti ilitangulia. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen wa Denmark aliinasa kwenye waya wa chuma, na katikati ya miaka ya 1930 kampuni za AEG na BASF za Ujerumani zilikuwa na mashine ya kanda ya plastiki iliyopakwa unga wa chuma. Vita vilipokwisha, mwanajeshi fundi wa Marekani, Jack Mullin, alirudi kwao na mashine mbili za aina hiyo. Mwimbaji Bing Crosby alizipenda mno, akaanza kurekodi vipindi vyake vya redio kwenye kanda, na kampuni changa ya California, Ampex, ikaingia katika biashara ya kuziunda.

Picha ilikuwa shughuli nyingine kabisa. Sikio la binadamu halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mawimbi ya televisheni hufika milioni 4. Hedi, yaani sumaku ndogo yenye ufa mwembamba inayogusa kanda, haiwezi kuandika mitetemo mingi kiasi hicho isipokuwa kanda ipite mbele yake kwa kasi ya ajabu. Basi wengi wakaamua kuikimbiza kanda. Mwaka 1953 kampuni ya RCA iliipeleka mita 9 kwa kila sekunde. Mashine ya BBC iliyoitwa VERA, iliyoonyeshwa hewani mwaka 1958, ilikwenda mita 5 hivi kwa sekunde, na gurudumu lake la kanda lenye upana wa nusu mita lilitosha dakika 15 tu.

Kikosi kidogo cha Ampex kilichoongozwa na Charles Ginsburg kilikwenda kinyume: kanda iende polepole, hedi ndiyo ikimbie. Miongoni mwao alikuwamo Ray Dolby, aliyejiunga na kikosi hicho akiwa na miaka 19, yule ambaye jina lake tulikuja kulizoea kwenye kaseti na majumba ya sinema. Walipachika hedi nne kwenye ukingo wa gurudumu dogo lililozunguka mara 14,400 kwa dakika. Kanda yenye upana wa inchi 2 ilipita kwa sentimita 38 tu kwa sekunde, lakini hedi ziliikata kwa upana wake kwa kasi ya karibu mita 40 kwa sekunde. Moja ikitoka ukingoni, nyingine imekwisha kuingia. Mguso wa hedi na kanda ulipokuwa hautulii, waligeuza mwanga na giza la picha kuwa mabadiliko ya masafa, kama ifanyavyo redio ya FM, ili nguvu ya sumaku ikipanda au kushuka picha isiharibike. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wenyewe.

Mashine ilionyeshwa Chicago Aprili 1956. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo kampuni ya televisheni ya CBS iliitumia kurudia taarifa ya habari kwa watazamaji wa pwani ya magharibi ya Marekani. Kabla ya hapo walikuwa wakielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, kisha wanakimbilia kuisafisha filamu.

Kazi haikuwa nyepesi hata hivyo. Kanda za mwanzo zilisomeka vizuri kwa hedi zilezile tu zilizozirekodi, hivyo ilibidi hedi zihifadhiwe pamoja na kanda. Aliyetaka kuhariri alipaka kanda maji yenye unga laini wa chuma, akaitazama kwa hadubini mpaka mistari ya sumaku ijitokeze, ndipo akakata kwa wembe. Kanda zenyewe zilikuwa ghali, basi vituo vikafuta na kurekodi upya juu yake. Ndiyo maana vipindi zaidi ya 90 vya tamthilia ya *Doctor Who* vya miaka ya 1960 havipo katika hifadhi ya BBC. Hasara hiyo inauma, kwa sababu mashine iliyoweza kutunza ilikuwepo.

Wazo la hedi inayozunguka ndilo lililoingia majumbani kupitia Betamax mwaka 1975 na VHS mwaka 1976. Ukifungua deki utaliona: gurudumu linalong'aa, limelala upande kidogo, kanda imelizunguka, hivyo kila hedi huandika mstari mrefu wa mshazari. Michirizi ya picha ambayo fundi aliifuta kwa spiriti na kitambaa laini ilitokana na uchafu uliokwama hapo.

Kampuni ya Funai ya Japani ilisimamisha utengenezaji wa deki Julai 2016. Kama una kanda za harusi, maulidi au hotuba za wazee kabatini, mtafute fundi mwenye deki nzima ahamishie picha kwenye kompyuta mwaka huu. Kanda yenye ukungu mweupe isafishwe kwanza. Ukiitia hivyohivyo, ukungu utahamia kwenye hedi na kuchafua kanda zote zitakazofuata.