Amplifaya Iliyojinyima

Pale Kwa Sadala, barabara ya kutoka Masama inapoikuta ile kuu ya Moshi na Arusha, simu zimo mikononi mwa wauza ndizi, waendesha bodaboda na wachuuzi wa mitumba, lakini nyumba yenye simu ya waya utaitafuta hadi uchoke. Ndiyo maana kauli moja imezoeleka nchini: kwamba sisi tuliiruka simu ya mezani tukatua kwenye simu ya mkononi, na kwa hiyo karne nzima ya wahandisi waliohangaika na nyaya za shaba haituhusu. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni kosa, na ushahidi ulio wazi zaidi ni kazi ya mhandisi wa umeme wa Marekani, Harold Black. Alikuwa akitafuta saketi ya kusaidia nyaya za simu za masafa marefu, basi. Alichokipata kilitoka kwenye waya, kikaingia ndani ya redio, spika na chaja zinazopangwa juu ya meza za soko hilohilo.

Shida iliyomkabili inafaa kuelezwa taratibu, kwa kuwa bila hiyo jibu lake litaonekana la kijinga. Sauti inayosafiri kwenye waya haipungui kama mahindi yanayovuja gunia lenye tundu, kiasi kilekile kila kilomita. Kila kipande cha njia hula sehemu ileile ya kile kilichobaki. Tuseme waya unakula nusu ya nguvu kila kilomita 5. Baada ya kilomita 50 umebakiwa na sehemu moja kati ya 1,024. Baada ya kilomita 100, sehemu moja kati ya milioni na ushei. Kutoka Kwa Sadala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu itakayofika ni moja kati ya namba yenye tarakimu zaidi ya 30. Tena waya hautulii: shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo waya unaoshuka kutoka baridi ya mlimani hadi jua la tambarare hauwi na tabia ileile asubuhi na adhuhuri. Telegrafu ilikuwa na ahueni. Kebo iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ilibeba alama tu, na kituo cha njiani kikipokea alama hafifu kingeweza kuituma upya ikiwa safi. Sauti ya mtu haikubali kuandikwa upya namna hiyo. Kila mkunjo wake ni habari.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuweka amplifaya njiani. Mwaka 1915 New York na San Francisco ziliunganishwa kwa simu kwa msaada wa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Mazungumzo yalisikika. Lakini amplifaya ya valvu ilikuwa kama mpeleka ujumbe asiyeweza kusema bila kutia chumvi: huikuza sauti na papo hapo huipinda kidogo. Mpeleka ujumbe mmoja anavumilika. Ukiwapanga kumi, ishirini, hamsini, kila mmoja akiongeza chumvi juu ya chumvi ya mwenzake, kinachofika mwisho wa njia ni kelele. Kampuni za simu nazo zilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwa wakati mmoja kwenye jozi moja ya nyaya, na hapo kila upotoshaji mdogo ulimaanisha maneno ya huyu kuvuja kwenye simu ya yule. Black aliajiriwa katika mazingira hayo, kwenye kampuni ambayo maabara zake baadaye ziliitwa Bell.

Mwaka 1923 alijaribu njia ya kuchukua sauti iliyotoka, kuipunguza, kuilinganisha na iliyoingia, kupata kasoro peke yake na kuitoa. Ilifanya kazi, ila ilidai mtu wa kuirekebisha kila mara, jambo lisilowezekana kwenye nguzo zilizotapakaa porini. Jibu lilimjia asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa na umri wa miaka 29, ndani ya kivuko cha mto Hudson akielekea kazini. Hakuwa na daftari, akachora mchoro na hesabu kwenye ukurasa wa gazeti la siku hiyo.

Wazo lenyewe linaitwa mrejesho hasi. Unatengeneza amplifaya yenye nguvu kupita kiasi, kisha unachukua sehemu ndogo ya kinachotoka na kuirudisha mwanzoni ikiwa kinyume, ili ipingane na kinachoingia. Kwa maneno mengine, unaitupa karibu nguvu yote uliyoigharimia. Hesabu inaonyesha ulichonunua kwa kujinyima huko. Amplifaya inakuza mara 10,000. Unarudisha sehemu moja kati ya 100. Ukuzaji unaobaki ni mara 99 tu. Sasa valvu ichoke, nguvu yake ishuke nusu, iwe 5,000. Ukuzaji unakuwa mara 98. Kitu kimepoteza nusu ya uwezo wake na msikilizaji hajui, kwa kuwa kinachoamua sasa ni rizista mbili za senti chache zinazopima sehemu ya kurudishwa, vitu visivyozeeka haraka. Upotoshaji nao hupungua kwa kiasi kama mara mia. Katika jaribio la mwisho wa mwaka 1927 Black aliupunguza mara 100,000.

Hapa wapo watakaosema hakuvumbua kitu. James Watt alishaweka kidhibiti kwenye injini ya mvuke karne ya 18: injini ikienda kasi, kinabana mvuke; ikilegea, kinaachia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lingekuwa na uzito zaidi kama wataalamu wa wakati wa Black wangeona mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Hawakuona. Kwao mrejesho ulikuwa njia ya kuongeza nguvu, na kuutumia kuipunguza ilikuwa ni kuharibu kazi. Ofisi ya hataza ya Uingereza iliyachukulia maombi yake kama ya mtu anayedai amebuni mashine inayojiendesha milele. Marekani, aliomba hataza mwaka 1928 akaipata 1937. Watt alidhibiti kasi. Black alionyesha kwamba njia hiyo inaweza kuisafisha sauti yenyewe, na akaleta hesabu yake.

Kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo ilikuwa ya haki. Kila aliyehudhuria mkutano wenye maiki anaijua: maiki ikielekea spika, sauti huzunguka, hujiongeza, kisha hupiga ule ukelele unaowafanya watu wazibe masikio. Ishara inayorudi ikichelewa, kinyume chake hugeuka kuwa msaada, na amplifaya ya Black nayo inaweza kulia hivyo. Mwenzake Harry Nyquist ndiye aliyetoa, mwaka 1932, kanuni ya kujua mapema saketi ipi itatulia na ipi italia. Bila Nyquist, pengine ukurasa ule wa gazeti ungebaki kumbukumbu tu. Kwa kanuni hiyo watu walithubutu kuzamisha amplifaya baharini zisikofikika: kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, ya mwaka 1956, ilikuwa na amplifaya 51 za valvu kwenye kila mkondo wake, ikabeba mazungumzo 36 kwa pamoja.

Pingamizi la mwisho ni la kisasa. Simu za leo hutuma namba, na namba husafishwa njiani kama alama za telegrafu. Mrejesho wa nini tena? Lakini mdomo hautoi namba, wala sikio halizisomi. Kati ya maiki na chipu, kati ya chipu na spika, kuna amplifaya za mtindo uleule, sasa za transista ndogo kuliko vumbi. Chaja nayo inapokea umeme ambao ni volti 230 kwenye maandishi, nao hupanda na kushuka, lakini yenyewe hutoa volti 5 zilezile. Kwenye udhibiti huo mtetezi wa Watt ana haki kuliko mtetezi wa Black, ila namna ya kuizuia chaja isiyumbe ilitoka kwenye hesabu za Nyquist za nyaya za simu. Fundi akiifungua, katika baadhi ya chaja atakuta kipande cha miguu mitatu kinachopima volti zinazotoka, na kando yake kisanduku cheusi kidogo kinachopeleka taarifa hiyo upande wa umeme mkali kwa mwanga, pasipo waya wowote kuvuka katikati.